Kujenga staa wa kachi (mieleka ya ringi) hapa Goma: anza na ule mwenye ataanguka

Kila mara tukimaliza kufunga kamba za ringi kuko kijana moja anakuja kuniona pembeni, kifua imejaa, anasema yaya, mi nataka kuwa staa, unipe mechi yenye nitashinda. Namuuliza, utamushinda nani? Ananyamaza. Kwake staa ni mutu wa kushinda, basi. Lakini hiyo "nani" njo mulango ya kazi yote, na bapangaji mingi ba mechi huku kwetu banairuka. Banatafuta mwenye misuli kubwa, banamuvalisha masike, banamushindisha mechi tano za kufuatana, alafu mwezi wa tatu batu banaanza kutoka mbele ya mechi ya mwisho na mupangaji anabaki anajiuliza publiki ya Goma inataka nini. Publiki ya Goma inataka kitu yenye publiki yote inataka: inataka kumuogopea mutu. Na huwezi kumuogopea mutu mwenye anashinda kila siku.

Basi nitaeleza vile mi nafanyaka, na nitachukua mifano kwa bakubwa ba Marekani juu video zabo ziko, kila mutu anaweza kuzitafuta ku telefone akajionea.

Imepangwa, na hakuna haya

Hii tuimalize haraka. Mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon, ile yenye leo inaitwa WWE, ilienda mbele ya seneti ya jimbo la New Jersey ikasema wazi kachi yabo ni maonyesho, si mashindano, juu balikuwa banataka kutoka chini ya sheria za michezo na kodi zake. Ikaandikwa mu magazeti. Batu balikimbia? Hata kidogo, miaka kama kumi nyuma ya hapo njo kachi ilikuwa na moto kuliko zote. Mwenye anaangalia teatre ku foaye anajua ule mufalme hajakufa na bado machozi inamutoka. Kwa hiyo mutu akikuambia "muko munadanganya" usipigane naye, umuambie mwisho imepangwa ndiyo, lakini mugongo inaanguka kweli na mbavu inauma kweli, akuje mazoezi siku ya posho aone.

Kupanga mechi maana yake ni bitu tatu: kuchagua nani na nani, kuchagua namna itaisha, na kuchagua leo batu barudie nyumbani na nini mu roho. Hiyo ya tatu njo ngumu. Kumupandisha mutu ni kuzipanga mechi kwa kufuatana ili kila moja imuongezee kitu. Kumushindisha tu si kumupandisha.

Akteri na shefu bandi

Benye tulikomalia mu salo za video tunajua, kila filimu iko na akteri na iko na shefu bandi, akteri hafi, shefu bandi anakufa ku mwisho, na pale katikati akteri anapigwa mpaka mutoto wa benchi ya mbele analia. Kachi ni ile ile. Ukiwa na akteri bila shefu bandi uko na mutu wa kufanya gimnastiki, hauna hadisi.

Angalia Kinshasa, tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, Ali na Foreman. Ile ilikuwa boksi ya kweli, hakuna mutu alipanga mwisho, lakini mi naichukuaka kama somo juu publiki ilichagua akteri wake mbele hata ya kengele. Ali alifika akaongea na batu, akakimbia nabo njiani, bakamuimbia Ali boma ye, Ali umuue. Foreman alikuwa bingwa, mweusi kama yeye, hakumukosea mutu yeyote, lakini alishuka na imbwa yake, berje alema, sawa na zile zenye polisi ya Babelgiji ilikuwa inatembea nazo mu koloni. Imbwa moja tu. Batu bakafunga roho. Kwa hiyo usifikiri unahitaji maelezo mrefu, kitu moja kidogo yenye batu banaiona kwa macho inatosha kuwaambia ule ni nani.

Na hapa nataka kusema kitu kwa nguvu juu tuko Goma, hatuko mahali pengine. Ile imbwa iligusa kidonda ya kweli, na kidonda ya kweli huku kwetu mupangaji asiiguse. Usimupe shefu bandi wako kabila. Usimupe luga ya batu fulani, usimuvalishe uniforme ya jeshi yoyote, usimupe bendera. Kelele itakuwa kubwa siku hiyo, najua, itakuwa kubwa kuliko siku zote, na batu batatoka pale na hasira yenye huwezi kuizima na kengele. Nilimuona mutu anaijaribu na nilisimama nikazima mikro. Shefu bandi mupe ubaya yenye kila mutu anaijua na haina kabila: anakuja na bidoni kumi na anakata mustari ku robine. Ule mwenye anapandisha pesa ya nyumba mwezi wa kwanza. Ule wa deni mwenye ukimuona anabadilisha njia. Mutu akiingia mu ringi na bidoni za manjano mukononi, anasukuma mama mwenye alikuwa mbele, mu dakika moja uko na Goma yote juu yake, Mushi, Muhunde, Munande, Mutwa, bote pamoja banapiga firimbi.

Akteri naye usimutafute mu misuli. Mutafute njiani. Nani batoto banamufuata? Nani akifika ku butike batu banaanza kucheka mbele hajafungua kinywa? Tuweke mufano wa kijana wa chukudu, ile trotineti ya mbao ya kubeba mizigo, tutaenda naye mpaka mwisho. Anashuka na makabichi kutoka Kibumba, mugongo ngumu, mikono kama mizizi, hajui kuongea sana. Mji tayari imeshamufanya shujaa, sanamu ya chukudu iko pale ronpwe, ya rangi ya zahabu, hauna haja ya kueleza. Anaingia anasukuma chukudu yake mpaka ku ringi. Kuingia kwake imeisha, haulipe hata muziki.

Mwenye kuanguka

Sasa njo nafika mahali moyo yangu iko.

Mwaka 1987, tarehe 29 mwezi wa tatu, mu uwanja ya Pontiac Silverdome karibu na Detroit, Hulk Hogan alimuinua André the Giant akamutupa chini. Balitangaza batu 93,173, kuko benye banabishana na hesabu hiyo mpaka leo. Kila mutu anamukumbuka Hogan. Lakini mi nakuomba uirudilie video umuangalie André. Alikuwa mugonjwa, ule ugonjwa wa kukomea bila kusimama ulikuwa unamuvunja, balikuwa bamemupasua mugongo na alikuwa amevaa mukanda ya kumushikilia chini ya nguo. Kampuni ya McMahon ilikuwa inasema hajawahi kuanguka miaka 15. Si kweli, alishaanguka inchi zingine, lakini Bamarekani mingi balikuwa hawajaona, na kwa publiki kitu yenye haijaonekana haijatokea. Basi ile miaka yote ya kutoanguka André aliichukua akamupa Hogan mu usiku moja, na mugongo yenye inauma. Hogan hakujijenga. André njo alimujenga.

Kila staa iko na André wake. Kama hauna mutu mwenye batu banaamini hawezi kuanguka, hauna kitu ya kumupa akteri wako. Kwa hiyo mbele ya kumupandisha kijana wa chukudu mi naanza kumupandisha shefu bandi wa bidoni, miezi mbili mizima, anashinda, anashinda na ujanja, anamuumiza kijana mwenye batu banapenda, anachukua sentiri, ule mukanda wa bingwa. Batu banasema huyu nani atamufanya nini? Pale njo kazi imeanza.

Na chini kabisa kuko bale bengine, benye kuanguka kila siku, benye jina zabo hazifike ku afishi. Watu banawazarau. Mi nakuambia mupiganaji mbaya akiwa na muangukaji muzuri publiki inasema mupiganaji ni hodari, na mupiganaji hodari akiwa na muangukaji mubaya bote babili banaonekana kama bachekeshaji. Pigo haiko mu mukono wa mwenye kupiga. Iko mu mwili ya mwenye kupokea: vile shingo inageuka, vile anatafuta kamba, vile anachelewa kusimama. Akisimama haraka ameua pigo yako, na kesho ukitaka imalize mechi hakuna mutu ataamini.

Kwa hiyo mazoezi inaanza na kuanguka. Wiki sita za kwanza kijana hagusi mutu. Kidevu ku kifua, hiyo ya kwanza na ya mwisho, juu kichwa ikienda nyuma umemaliza maisha ya mutoto wa mutu. Mikono banazifungua pembeni, viganja bipige chini pamoja na mugongo, pumuzi inatoka wakati ule ule, na unatua ku sehemu ya mugongo yenye ni pana, pale ku mabega, si ku mufupa wa matako, si ku kiwiko. Anaanza amekaa chini, alafu amechutama, alafu amesimama, alafu njo banamusukuma. Ukimuona anafunga macho, umurudishe ku kukaa. Goma ni jiwe, bandugu. Lava ya 2002 njo tunatembelea, hakuna mahali laini hapa. Ringi yetu ni mbao juu ya vyuma, matela nyembamba, bashi juu, na nje ya ringi ni majiwe, basi kama haujatandika matela nje hakuna mutu anatupwa nje, ata publiki ipige kelele namna gani. Na damu hapana. Kuko benye banajikata kipaji na wembe ili bapendeze batu; mu mji yenye imeona damu kama hii yetu, sioni sababu.

Pesa: mi nalipaka mwenye kuanguka sawa na mwenye kushinda, na siku yenye amebeba mechi mbili namupa kupita. Kuko mwenye aliniambia nitawaharibu. Sijaona.

Mtu anaweza kuanguka na akatoka staa

Hii bapangaji ba huku banakatala kuiamini kwa hiyo nitaikawisha. Tarehe 23 mwezi wa tatu 1997, WrestleMania ya 13, ile onyesho kubwa ya kila mwaka ya kampuni ya McMahon, pembeni ya Chicago. Bret Hart alikuwa akteri, Steve Austin alikuwa shefu bandi. Mechi ilikuwa ya kukubali kushindwa, mutu aseme "nimeacha" ao azimie. Bret akamufunga miguu, Austin uso imejaa damu, arbitiri Ken Shamrock anamuuliza, Austin anakatala, anasukuma na mikono, anakatala, anazimia bila kusema. Ameshindwa. Bret akaendelea kumupiga mutu mwenye ameshazimia. Na pale pale, mu usiku moja, bale babili balibadilisha viti: shefu bandi akatoka akteri, akteri akatoka shefu bandi, na Austin akapanda mpaka akakuwa mutu mukubwa kuliko bote mu kachi ya miaka ile.

Alishindwa! Ule mwenye alishinda akabebeshwa chuki, ule mwenye alianguka akabebeshwa mapendo. Kwa hiyo ukipanga, usiulize paka nani anashinda. Uliza: kengele ikipiga, batu banamufikiria nani njiani banarudi? Kijana wetu wa chukudu mechi yake ya kwanza na shefu bandi atashindwa. Atapigwa mbaya, alafu atakatala kubebwa, atatoka na miguu yake, anasukuma chukudu yake polepole katikati ya batu. Usiweke muziki. Usiongee ku mikro. Acha ile sauti ya mbao.

Kupanga kutokea mwisho

Chukua daftari, andika ku ukurasa ya mwisho kitu yenye unataka batu baone, alafu rudi nyuma. Tunataka mwezi wa kumi na mbili, mbele ya Noeli, chukudu amuangushe bidoni achukue sentiri. Sawa. Mwezi wa kumi na moja inapaswa kuonekana kama haitawezekana. Wa kumi, chukudu ashinde mutu mwingine mukubwa, ili batu baanze kusema kumbe. Wa tisa ameshindwa ile mechi yenye nimeeleza. Wa nane, bidoni amemupiga ndugu yake mudogo, na wa saba chukudu ameingia mara ya kwanza, ameshinda mutu wa kawaida, dakika ine, batu bamemusahau nusu. Unaona, akteri iko na mechi tatu za kushinda ndani ya miezi sita, na moja kati ya hizo ni ya mwisho.

Ndani ya mechi yenyewe mustari ni ule ule wa filimu. Mwanzo akteri anang'aa, batu banafurahi. Alafu shefu bandi anafanya ujanja, arbitiri hajaona, na pale inaanza mateso, na mateso njo inapaswa kuwa mrefu kuliko yote, bavijana hawapendi juu banachoka kulala chini lakini hakuna njia ingine. Mara mbili akteri anajaribu kuamka na anarudishwa chini. Mara ya tatu anaamka kweli. Haraka haraka, pigo, pigo, na mwisho. Pigo ya mwisho ya kila mutu ikuwe moja, na isivunjike: kama umeamua chukudu akikurusha na bega hakuna mwenye anaamka, basi kwa mwaka muzima hakuna mwenye anaamka. Arbitiri njo anabeba saa, akiinama kumuangalia mwenye ameanguka anamunong'oneza dakika ngapi zimebaki, kwa hiyo arbitiri mupumbavu ni hasara kuliko mupiganaji mupumbavu.

Ku mikro, maneno kidogo. Austin alipata jina yake tarehe 23 mwezi wa sita 1996, alikuwa ametoka kumushinda Jake Roberts mwenye alikuwa anaongea mambo ya Biblia, akachukua mustari wa Yohana 3:16 akaweka jina yake ndani, Austin 3:16, na ile kitu ndogo ikaenda ku tisheti mu Marekani yote. Aliiokota ku kinywa ya mwenye alimushinda. Fundisha bavijana kusikiliza mwingine kwanza. Na wasitukane mama ya mutu, watoto biko pale.

Kuhusu dawa ya fetishi. Kinshasa kachi ya fetishi inapendwa sana, na jina kama ya mupiganaji Edingwe Moto na Ngenge inajulikana na batu benye hawajawahi kukanyaga kule. Mi sikatazi. Lakini dawa ikiweza kila kitu hakuna mechi tena, kwa hiyo ikiingia mu ringi yako ipe mupaka na siku yenye itashindwa, sawa na pigo ingine yote.

Sikiliza, hata kama daftari inasema ingine

Hapa niliharibu mimi mwenyewe na inaniuma mpaka leo. Kuko mutu alikuwa anatusaidia na mafuta ya jenereta, na alikuwa na mudogo wake, kijana wa sura nzuri, mwili ya kupiga picha. Akaomba tumufanye akteri. Nikakubali. Nikamupangia kushinda, na mwenye nilimupa kumuangukia kila mara alikuwa kijana moja mufupi wa Birere, mutumishi mwema, alikuwa anaanguka kama mutu ametupwa na gari. Mwezi wa kwanza batu balipigia mukono ule wa sura. Mwezi wa pili, ule mufupi akianguka, batu banasema "amka!" Wa tatu walikuwa banaimba jina yake wakati mwingine ameshinda. Nilisikia. Niko na masikio. Lakini daftari ilikuwa imeandikwa na mafuta ilikuwa imelipwa, nikaendelea miezi ine mizima. Mufupi akachoka, akaacha, akaenda kuendesha moto. Ule wa sura batu bakamupigia firimbi mpaka akalia mu chumba ya kuvaa, na yeye hakuwa na kosa, ni mimi nilimutuma mbele ya batu benye balikuwa bameshachagua.

Bakubwa pia balianguka mu shimo hiyo. Mwaka 1996 baliingiza kijana wa sura, tabasamu, baba yake na babu yake bote bapiganaji, bakamuita Rocky Maivia, bakamupa sentiri mbele ya miezi tatu kuisha. Publiki ikamukatala mbaya sana, balikuwa banaimba akufe. Tofauti ni kwamba bale balisikiliza: mwaka 1997 bakamugeuza shefu bandi, bakamuacha aongee vile alivyo kweli, na ule njo The Rock yenye leo hata mama muuza sambaza anamujua. Kugeuza mutu kunafanya kazi pale tu publiki iko tayari nusu njia. Huwezi kumugeuza na nguvu.

Na Daniel Bryan, mufupi kama ule wangu. Mwaka 2012 ku WrestleMania bakamuangusha mu sekunde 18. Kesho yake uwanja muzima ilikuwa inaimba kelele yake, "Yes! Yes!", na miaka mbili mizima kampuni ikajaribu kupita kando. Mwezi wa kwanza 2014 bakamushindisha Batista mechi kubwa ya mwezi ule, batu bakapiga firimbi mpaka mwisho, juu Bryan hakuwa hata ndani ya mechi. Bakakubali. Tarehe 6 mwezi wa ine 2014, New Orleans, Bryan akashinda mechi mbili mu usiku moja akachukua sentiri. Walibadilisha daftari. Mi sikuibadilisha.

Namna ya kusikiliza ni rahisi lakini inaomba unyenyekevu. Usikae karibu na bageni ba heshima. Simama nyuma kabisa, kule kuko mayibobo, batoto ba njiani, na bamotari, funga macho, sikiliza kelele inapanda kwa nani wakati hakuna kitu kubwa inafanyika. Angalia pia nani mutu anatoka kwenda kununua mandazi wakati wake. Alafu kesho pita mu kartiye uangalie batoto banacheza kachi: kila mutoto anapigania kuwa nani? Ule njo akteri wako, ata kama ni mwenye ulikuwa umemupangia kuanguka.

Usiuze ngombe kwa bei ya kuku

Kitu ya mwisho yenye inaua bastaa ni haraka. Goldberg, wa WCW, kampuni ingine ya Marekani, alianza mwezi wa tisa 1997, anashinda kila mutu mu dakika mbili tatu, hawamuongeleshi, hawamufundishi kuumia. Njia hii iko, na kwa mutu mwenye mwili kama ule inafaa, lakini iko na mwisho moja tu: siku yenye ataangukia kitu kubwa. Tarehe 6 mwezi wa saba 1998 bakamupa Hulk Hogan mu Georgia Dome ya Atlanta, mbele ya batu elfu nyingi, akashinda, kelele ya ajabu. Lakini balitangaza siku chache tu mbele, na bakaionyesha ku televizyo bure, kitu yenye batu bangelipia pesa mingi. Alafu mwezi wa kumi na mbili ile ile mwaka bakamuangusha kwa Kevin Nash, na mutu mwingine amemupiga na kifaa ya umeme. Kama unavunja kitu yenye imechukua mwaka kujengwa, ivunje kwa kumujenga mwingine. Nash hakuwa na haja ya kujengwa.

Na Kofi Kingston, mutoto wa Ghana, hiyo ilituuma sisi Baafrika. Miaka 11 ndani ya kampuni, kila mara katikati, kila mara kumuangukia mwingine. Mwanzo wa 2019 mupiganaji mwingine akaumia, bakamuweka Kofi mahali pake, batu bakamushika, kampuni ikasikia, na tarehe 7 mwezi wa ine akachukua sentiri kubwa, batoto bake babili ndani ya ringi. Nililia, sifichi. Miezi sita nyuma bakamuleta Brock Lesnar, na mechi ikaisha mu sekunde chache, hazifiki hata 15. Sikatali kwamba Kofi apoteze. Kila mutu anapoteza. Lakini mutu mwenye batu bamemungojea miaka 11, ukimutoa sentiri mupe dakika 20, mupe mateso, mupe kukatala, ili mwenye amemushinda naye atoke mukubwa. Sekunde chache zinawaambia batu: mulimupenda bure.

Basi Desemba imefika, chukudu amemuinua bidoni, amemurusha na bega, moja mbili tatu, uwanja yote ya Afia Bora imesimama. Usikimbie kuzima jenereta. Muache pale katikati dakika tano nzima, asiongee, batoto bapande ringi kama mbao zinaweza kuwabeba. Alafu, wakati batu banaanza kugeuka kurudi, mutu mupya apite kati yabo, yenye hawajamuona, afike mpaka ku kamba, aiangalie ile sentiri, na atoke bila kusema kitu. Ule utakuwa umeshamuandika tangu mwezi wa kumi.

Kisha ingia mu chumba ya kuvaa. Anza na mwenye alikuwa bidoni, mupe maji, muulize shingo, mulipe wa kwanza mbele ya bote. Alafu baangukaji bengine, alafu arbitiri, alafu bavijana benye banarudisha mbao. Staa wako alipwe wa mwisho, bado iko inje inapigwa picha.